Mafiga ya Bibi Tupokigwe

Evarista alikwenda kuomba moto, akakuta maiti.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Juni, mwaka 1954, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katika kilima cha Ilwata, juu ya mji wa Mbeya, umande ulikuwa umeganda juu ya majani hata yakawa yanakatika chini ya miguu. Evarista alikuwa na kigae chake cha kubebea makaa. Moshi ulikuwa unapenya kwenye paa la Bibi Tupokigwe kama siku zote, kwa hiyo hakubisha mara mbili. Aliinama, akaingia, akasema, "Mama, umeamkaje?" Kigae kikamponyoka, kikavunjika.

Bibi Tupokigwe alikuwa amelala chali kando ya jiko. Macho yalikuwa yamefumbwa, mikono imepangwa kifuani, kaniki safi imemfunika miguu mpaka kiunoni. Udongo chini ya kisogo chake ulikuwa mweusi kwa damu. Na katikati ya mafiga moto ulikuwa unawaka vizuri tu, chungu kimeinjikwa, maji yanachemka. Evarista alipiga yowe lililosikika mpaka kambi ya Kampuni, upande wa pili wa kilima.

Saa nne polisi walikuwa wamefika. Bwana Inspekta alikuwa Mzungu kijana aliyetaka kurudi mjini kabla ya chakula cha mchana. Aliyekuja naye, Sajini Ahmadi Jaha, alikuwa mtu mwembamba wa Iringa, mtoto wa fundi cherehani kutoka Kilwa na mama muuza vitumbua. Baridi ya Mbeya ilikuwa imemtesa miaka sita na hakuizoea hata siku moja.

Bwana Inspekta aliona damu kwenye figa moja, akaitikia kwa kichwa.

"Ameteleza, ameanguka, amegonga jiwe. Bibi kizee. Mambo haya hutokea."

"Ndiyo, Bwana," alisema Sajini. "Na aliyemfunika kaniki ni nani?"

Wakati wa chakula cha mchana ukapita wamo humo humo.

Sajini alichuchumaa mbele ya jiko. Aliokota njiti ya kiberiti iliyoungua nusu, akaifunga katika leso. Akachungulia chunguni: maji matupu. Kisha akakaa akiyatazama yale mawe matatu kwa muda mrefu, mpaka askari aliyekuwa mlangoni akaanza kukohoa. Kuna kitu kilikuwa kinamkera, naye hakukijua. Alipitisha ukucha upande wa nje wa figa moja. Ukucha ulikwaruza masizi mazito, magumu kama ukoko wa sufuria. Akapitisha kijiti upande wa ndani, ule unaotazama moto. Hapo palikuwa na weusi mwembamba tu, kama wa jana, na chini yake udongo mwekundu uliokauka.

Akayaangalia na mengine mawili. Yalikuwa hivyo hivyo. Alijikuta amesimama.

Nje, watu wa nyumba tisa walikuwa wamekusanyika. Ilwata ilikuwa na nyumba sitini kabla Kampuni haijakuta madini chini ya kilima. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu malori yaanze kuwashusha watu Usangu, kwenye tambarare za Chimala, mahali pa joto, mpunga na mbu, ambapo mtu wa mlimani hukohoa vumbi mchana na kutetemeka kwa homa usiku. Tisa hizi zilibaki kwa sababu moja, na sababu hiyo alikuwa Bibi Tupokigwe. Marehemu mumewe, Asukile, alikuwa mlinzi wa kilima na makaburi yake. Mlinzi hukaa na moto uliorithiwa, ambao hauzimwi wala hauwashwi upya. Chifu alimwomba Bwana DC asiruhusu kilima kichimbwe maadamu moto huo unawaka Ilwata. Bwana DC, kwa ukarimu wa mtu asiyepoteza kitu, akakubali mbele ya baraza zima. Alidhani kikongwe hatamaliza mwaka. Kikongwe akamaliza mitatu, na Kampuni ikawa inakula kilima pembeni pembeni, ikimzunguka.

"Wamemuua!" alipaza sauti mzee mmoja mrefu. "Kampuni imemuua shemeji yangu!"

Huyo alikuwa Abrahamu, mdogo wake marehemu Asukile, mzee wa kanisa na kiongozi wa wale waliokataa kuhama. Alikuwa amesimama katika koti kuukuu la jeshi, mikono ameizamisha mifukoni kwa baridi. Sajini alimsogelea.

"Shikamoo, mzee. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, Sajini. Tumekwisha poa." Hakutoa mkono. Sajini naye, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, hakumlaumu.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Juzi. Jana nilishinda shambani. Jioni niliona moshi wake, nikajua yu mzima."

Sajini alimwita Evarista pembeni, chini ya mti wa mparachichi.

"Mama, Bibi alikuwa anatumia kiberiti?"

Evarista alimtazama kama aliyeulizwa kama Bibi alikuwa anavuta bangi.

"Kiberiti? Yeye? Afande, sisi wote tunaomba moto kwake. Kiberiti cha nini?"

"Na jana ulisikia nini?"

Mwanamke aliinamisha uso. "Saa tisa hivi lori lilikuja. Lori la Saulo, mtoto wake. Nikamsikia Mama analia. Analia sana. Basi lori likaondoka mbio. Sikwenda. Nikasema, ni mambo ya mama na mtoto. Ningekwenda, Afande... ningekwenda!"

Kwa hiyo kesi ikapata mwenyewe. Saulo alikuwa dereva wa Kampuni, ndiye aliyekuwa anawapeleka majirani zake Chimala, na kila alipopita watu walitema mate. Lakini kabla ya kumtafuta, Sajini alimtaka Jailos, nyapara wa kambi, kwa sababu wiki iliyopita Jailos alikuwa amesema mbele ya watu kwamba atamtoa yule mchawi kwa miguu au kwa machela.

Jailos alikutwa kambini saa saba.

"Nilisema, ndiyo. Mdomo wangu mbaya, kila mtu anajua. Lakini jana tangu saa nane mpaka usiku nilikuwa hapa na Bwana Mhandisi, tunashusha katapila jipya. Muulize. Watu thelathini waliniona."

"Hukwenda kwa Bibi?"

"Sikwenda. Nililiona tu lori la Saulo linateremka. Lilisimama hapa getini. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa na kitu amekifunga blanketi, amekikumbatia kwa mkono mmoja kama mtoto mchanga. Nikamuuliza, nini hicho? Akasema, si kazi yako."

Bwana Mhandisi alithibitisha habari ya katapila. Saa kumi Saulo alikamatwa njiani akitoka Chimala. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mpana wa mabega. Alipoambiwa kwamba mama yake amekufa alikaa chini, pale pale barabarani, akawa anaokota changarawe na kuziweka chini tena.

Kituoni Mbeya Sajini alimhoji, Bwana Inspekta akiwa pembeni.

"Kampuni ilikuahidi nyumba ya bati ukimtoa mama yako. Kweli?"

"Kweli. Niliikataa."

"Jana mlikuwa mnagombana."

"Hatukugombana."

"Alikuwa analia."

"Alilia, ndiyo."

"Kwa nini?"

Saulo alikung'uta changarawe iliyobaki viganjani.

"Ulibeba nini katika blanketi?"

Saulo alimtazama Sajini, akafumba mdomo kabisa. Bwana Inspekta alifunga mkoba wake. Aliyemfunika maiti kwa heshima alikuwa mtu aliyempenda. Nani basi kama si mwanawe? Alisema kesi itapelekwa Mahakama Kuu, na wote watatu chumbani walijua hukumu ya mtu aliyemuua mama yake ni kamba.

Sajini hakwenda nyumbani kwanza. Alipita uani, akalifungua lori. Blanketi lilikuwa bado kwenye kiti, blanketi zito la kijivu, na katikati lilikuwa limeungua tundu la kuingiza ngumi. Kingo za tundu zilinuka moshi wa kuni.

Jumatatu saa sita walimzika Bibi Tupokigwe ubavuni mwa mumewe. Wimbo wa kanisa uliimbwa, kisha kila mtu akapita akachota udongo kwa kiganja na kuutupa kaburini. Abrahamu alipofika alisimama kidogo, akausukuma udongo kwa mguu, akapita. Baadhi ya wanawake walitazamana. Mzee wa kanisa, tena shemeji! Lakini huzuni humfanya mtu afanye mambo, wakalimezea.

Baada ya hapo Abrahamu alikwenda nyumbani kwa marehemu na watu wote nyuma yake. Mkewe aliingia, akatoka na makaa ya jiko lile katika chungu, akayapeleka kwao. Shangwe ilipigwa kubwa, ya watu waliokwisha kukata tamaa. Moto ulikuwa umehamia mkono mwingine bila kuzimika. Ilwata imempata mlinzi mpya. Bwana DC alitumiwa habari, naye akasema atakuja Alhamisi kuuona huo moto kwa macho yake. Sajini aliisikiliza shangwe ile, na badala ya kufurahi pamoja nao, aliikunjua leso akaitazama tena ile njiti ya kiberiti.

Jumanne asubuhi alipanda gari la polisi kwenda Chimala.

Koti alilivua kabla hajafika. Makazi ya watu wa Ilwata yalikuwa mistari miwili ya vibanda katika jua, maji ya mfereji yana rangi ya chai, migomba waliyokuja nayo imekauka ikiwa bado michanga. Ikupa, mke wa Saulo, alimkaribisha kwa sauti ndogo. Watoto wawili walikuwa wamelala mkekani na homa. Uani, hatua chache tu kutoka mlangoni, kulikuwa na tuta fupi la udongo lililozungushiwa mawe. Sajini alilitazama, akatazama pembeni.

"Wa kwanza kuzikwa hapa," alisema Ikupa. "Mwanangu. Mwezi wa nne. Homa, siku mbili tu."

"Pole sana, mama. Poleni."

"Ndaga," alijibu Ikupa, asante ya kwao.

"Naomba kuona jiko lako."

Ikupa alisita. Kisha akainua pazia la gunia. Katikati ya mafiga mapya kabisa moto mdogo ulikuwa unawaka, na pembeni yake kimekaa chungu cha zamani, kina majivu tele.

"Saulo alikuleteeni Jumamosi," alisema Sajini. "Ndani ya blanketi."

Ikupa alianza kulia bila kelele. "Amesema? Alimwapia mama yake hatasema!"

"Hajasema. Atanyongwa na hajasema. Sema wewe."

Akasema. Habari ya mtoto ilipofika Ilwata, Bibi alikaa siku nyingi hasemi. Halafu akamwita Saulo. Akasema mjukuu wake hawezi kuwa wa kwanza kulala katika nchi ngeni, peke yake, hana mkubwa wa kumpokea. Wakubwa wote wa Ilwata wako pamoja mlimani. Mtoto hana hata mmoja. Yeye ni mzee, hana muda mrefu, atashuka akalale naye. Na moto atauleta, kwa sababu watoto waliobaki wakiendelea kukaa na moto wa kiberiti nao watakufa.

"Alilia kwa nini, siku ile?"

"Si alikuwa anayalaza mafiga? Kwetu mwanamke akihama na moto, anayasukuma mafiga yake kwa mti, anayalaza chini, mtu mwingine asipike pale. Miaka arobaini, Afande, tangu aolewe. Hata mimi ningelia. Akamwambia Saulo atangulie na moto. Yeye abaki usiku mmoja amuage mumewe, na asubuhi awaambie watu kanisani kwa mdomo wake. Saulo asimtangulie kwa maneno."

Sajini aliketi juu ya gogo. Sasa alijua kilichokuwa kinamkera mbele ya jiko lile. Mafiga yalilazwa Jumamosi saa tisa na Bibi mwenyewe. Jumapili asubuhi yalikuwa yamesimama, na masizi ya miaka arobaini yametazama nje. Hakuna mwanamke duniani anayepanga mafiga hivyo. Aliyeyasimamisha alikuwa mwanamume ambaye hajawahi kukaa jikoni, tena penye giza, mtu aliyeona mafiga maisha yake yote asiyatazame. Sajini mwenyewe alikua chini ya miguu ya mama yake, akimpangia mafiga ya vitumbua alfajiri, ndiyo maana jicho lake lilikataa. Na mtoto wa muuza vitumbua alikumbuka jambo jingine pia, alilolijua kwa kofi na kwa malengelenge: jiwe la jiko halipoi upesi.

Alhamisi saa tatu watu walikuwa wamekusanyika Ilwata wakimngoja Bwana DC. Sajini alimkuta Abrahamu mlangoni pake, katika lile koti la jeshi.

"Mzee, twende kwa shemeji yako kidogo. Wawili tu."

Waliingia katika nyumba ya Bibi Tupokigwe. Jiko lilikuwa limepoa. Sajini alinyoosha mkono wake wa kulia.

"Jumapili nilikupa pole sikukushika mkono. Naona haya. Nipe mkono, mzee."

Abrahamu hakusogea.

"Hata udongo wa kaburi uliusukuma kwa mguu," alisema Sajini polepole. "Jumamosi jioni mawe haya yalikuwa yametoka motoni saa chache tu. Mtu aliyeyainua kwa mikono mitupu hawezi kumshika mwenzake mkono wiki hii. Nimetoka Chimala, mzee. Moto nimeuona. Huu wa kwako umewashwa kwa kiberiti."

Yule mzee mrefu alitoa mikono mifukoni. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechubuka nyama, vinatoka maji, vipande vya shuka alivyovifungia vimelegea. Sajini alikuwa anajua atakachokiona, na bado alishtuka hata akarudi nyuma.

"Nilipita kumsalimia," alisema Abrahamu. "Jua linazama. Nikaona mafiga yamelala. Nikamuuliza, shemeji, moto uko wapi? Akasema umekwenda kwa mtoto. Hivyo tu. Umekwenda kwa mtoto! Na sisi? Nikamwambia nyumba tisa, watu wote hawa, na kaka yangu pale nje katapila litamfukua. Akasema, waliokufa wako wengi, watalindana. Mtoto yuko peke yake. Akawa anatoka kwenda kaburini. Nikamshika mkono. Akavuta. Nikamwachia, Sajini... nilimwachia tu. Akaanguka."

"Halafu ukayasimamisha mawe."

"Sikusikia kama yanaunguza. Wallahi tena, nikikuapia kwa kiapo chenu, sikusikia mpaka kulipokucha. Nilimlaza vizuri, nikamfunika. Nikawasha moto, nikakaa naye usiku kucha nikiuchochea. Nilimwomba msamaha. Nilitaka asubuhi watu wauone moshi, tuurithi mbele ya wote, kilima kibaki. Nikasema, amekwisha kufa, kifo chake kisiende bure."

"Na Saulo? Mtoto wa kaka yako? Ungemwacha anyongwe?"

Machozi yalimshuka Abrahamu usoni, naye hakuweza kuyafuta kwa mikono ile.

"Nilikuwa naomba kila siku wakose ushahidi," alisema. "Kila siku, Sajini. Asubuhi na jioni."

Sajini alisimama akitazama mlango. Nje alisikia gari la Bwana DC linapanda, na watu wanaanza kuimba. Alijua kwamba angeweza kukaa kimya. Mawe yangeweza kugeuzwa kwa dakika moja, na nani angejua? Watu wa nyumba tisa wangelala kwao leo. Na Mbeya, ndani ya selo, mtu mmoja asiye na kosa angeendelea kufumba mdomo mpaka siku ya kamba.

"Utasema mwenyewe," aliuliza, "au niseme mimi?"

Abrahamu alipita mbele yake, akainama, akatoka. Mbele ya Bwana DC, Bwana Mhandisi, chifu na watu wote, aliinua viganja vyake juu. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Alisema yote kwa lugha ya kwao, maneno machache, na alipomaliza hakuna aliyepiga kelele. Evarista alikaa chini pale pale aliposimama. Mke wa Abrahamu alikuwa ameshika chungu cha moto tayari kwa kuonyeshwa wageni. Aliendelea kukishika, akimtazama mumewe, kana kwamba amesahau jinsi ya kutua kitu.

Bwana DC aliomba atafsiriwe mara mbili. Kisha akamnong'oneza jambo Bwana Mhandisi, na Mhandisi, mtu wa adabu, akamjia Sajini Ahmadi Jaha, akampa mkono na kumshukuru kwa kazi nzuri. Sajini aliupokea mkono ule. Siku nyingi baadaye alikuwa bado anausikia kiganjani.

Saulo alifunguliwa siku ile ile saa kumi jioni. Sajini mwenyewe ndiye aliyefungua selo, na akamweleza kila kitu wakiwa wamesimama koridoni: mafiga, viganja, baba yake mdogo, kuanguka kwa mama. Saulo alisikiliza mpaka mwisho, mgongo ukutani.

"Kwa hiyo wamejua moto haupo."

"Wamejua."

"Na kilima?"

Dirisha lilikuwa wazi, na upande wa Ilwata, kwa mbali, ngurumo ya katapila ilikuwa imekwisha kuanza. Saulo aliisikiliza. Aliyafikiri maneno yake kwa utulivu, kama dereva anayeamua njia, na alipomtazama Sajini hakuwa na hasira yoyote usoni.

"Mimi nilijua ninachokinyamazia, Afande," alisema. "Ungeniuliza mimi kwanza."

Akachukua blanketi lake lenye tundu, akatoka kutafuta gari la kwenda Chimala.